Kidole Gumba

Kiinua mgongo kiliingia Jumanne.
Syokau akasema: tangi la maji, na paa la jikoni.
Nikasema: naam, tangi, paa, na kitu kidogo changu.
Hakuuliza. Miaka thelathini na moja
amenifulia ovaroli zenye mafuta ya ndege,
mafuta yasiyotoka, yanayokufuata hadi kwenye shuka;
kitu kidogo alinipa
kama mtu anavyompa mgeni kiti.

Ghorofa ya pili, Barabara ya Luthuli,
kijana aitwaye Abdirizak ana viwambo vitatu,
feni moja, na subira ya muuza dawa.
"Mzee, unataka vita gani?"
Kambini Eastleigh sikuwahi kuulizwa hilo.
Vita walichagua wengine.
Sisi tuliulizwa spana namba ngapi.

Akaniwekea wa kwanza. Ndege za pangaboi,
za zama zile babu alibebeshwa masanduku Burma.
Anga buluu kupita kiasi, moshi mzuri mno.
Nikapiga, nikapigwa, nikafufuka papo hapo
na bawa jipya.
Bawa jipya!
Mimi bawa moja lilinila siku kumi na tisa
na ncha ya kidole hiki.

Wa pili ulikuwa wa wasomi.
Kitabu chake kurasa mia sita,
kila swichi inabonyezeka, kila taa ina sababu.
Moyo ukanienda mbio, maana nilizijua.
Nikawasha betri, nikawasha pampu, nikangoja joto lipande
kama mtu anayengoja uji.
Abdirizak akasinzia. Mteja wa chaja akaja, akaondoka.
Injini ikaunguruma vilevile, na kile kikohozi chake kidogo
kabla ya kutulia.
Kisha nikageuka nje ya kioo, kulia, kushoto:
lami tupu.
Hakuna aliyeondoa vigingi vya magurudumu.
Hakuna aliyechomoa pini zenye utepe mwekundu.
Ndege imejikaza nati yenyewe, imejijaza mafuta yenyewe,
iko tayari kama chakula cha ndotoni.
Nikazima. "Mzuri," nikasema, "lakini hauna watu."
"Watu gani, mzee? Maadui wako ni ishirini na wanne!"

Wa tatu alinionyesha kwa aibu,
wa zamani, bei ya kilo mbili za nyama,
nyumba zake masanduku, miti yake pembetatu.
Nikaketi. Nikatazama chini.
Palikuwa na mtu.

Kimo cha njiti ya kiberiti, hana uso,
vizibo vya masikio vikubwa kuliko kichwa.
Anarudi nyuma hatua tatu,
anainama chini ya tumbo la ndege,
anatokea upande wa pili,
anainua kidole gumba.
Sekunde nne.
Aliyemchora sidhani aliongezwa mshahara.

"Funga huu."
"Mzee, kompyuta hii inabeba mikubwa zaidi, na..."
"Funga."

Sasa ni usiku Umoja, tangi limejaa, paa bado.
Hutunguliwa dakika ya pili, kila mara,
na adui ambaye hata chafya hapigi.
Sijali. Narudi mwanzo, kwenye lami,
namtazama yule mfupi akiinama.
Gurudumu la kushoto halikagui kamwe, mvivu,
ningemripoti.
Lakini anatokea. Anainua gumba.

Mimi nilikiinua changu miaka yote ile
kuelekea vioo vyeusi nisivyoona ndani.
Meja Lolkinei alijibu kila siku, hata yenye mvua.
Wengine walikuwa na haraka;
anga liliwangoja.

Syokau yuko mlangoni na kikombe.
"Unampigia nani saluti?"
Stima inapotea kabla sijajibu,
mkono umebaki juu, gizani,
na mahali fulani ndani ya kioo
yule mtu amekatizwa katikati ya kuinama.

"Kesho fundi wa paa anakuja," anasema Syokau,
akipapasa meza atue kikombe.
"Mimi nitakuwa sokoni.
Umpe chai."